UZI: Saa nane usiku umesikia kishindo nje. Unafanya nini kwanza, na nini usifanye kabisa?

Mkazi wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili kiutaalamu, maana nyuzi nyingi za wizi huishia kwenye "fuga mbwa" na "weka panga mvunguni". Tuchukue hali ya kawaida: nyumba ya kujitegemea pembezoni mwa Dar, vyumba vitatu, ukuta na geti, madirisha ya alminiamu yenye nondo. Ndani kuna baba, mama, watoto wawili na binti wa kazi. Saa nane usiku mmoja anaamka, kasikia kitu. Hajui kama ni paka, upepo au mtu.

Swali langu liko hapo kwenye kutojua. Anaamuaje? Atoke? Awashe taa? Apige kelele au anyamaze? Mafundi, walinzi, wanasheria, karibuni. Habari za shemeji yako aliyepigana na majambazi wanne tuziache.

---

Lindo la Tatu

Mkuu, nianze na jibu kisha nieleze sababu. Usitoke nje kwenda kuangalia. Hata kama una uhakika wa asilimia tisini kwamba ni paka.

Sababu ni mlango. Ukiwa ndani na umejifungia, kila anachotaka kufanya kinampasa apige kelele na apoteze muda: akate nondo, agonge mlango, apande dari. Ukifungua, umemfanyia kazi yote yeye na wenzake. Ndiyo maana kumtoa mwenye nyumba ni mbinu ya zamani. Bomba la nje linafunguliwa maji yamwagike. Mbwa anapigwa jiwe alie. Mtoto mchanga analia getini. Umeme unazimwa nyumba yako peke yake. Vyote vinalenga kitu kimoja: ufungue kitasa mwenyewe.

Kwa hiyo swali la "ni mtu au si mtu" si lazima ulijibu ndipo uchukue hatua. Zipo hatua ambazo hazigharimu kitu hata kama ni paka. Fuata hizo kwanza:

1. Zima feni. Feni la dari linameza sauti nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kaa kitandani, nyamaza, sikiliza nusu dakika hadi dakika nzima.

2. Taa ya chumbani usiiwashe. Ukiwasha, wewe unaonekana na yeye haonekani, na macho yako yaliyokwisha kuzoea giza yanapoteza mazoea hayo.

3. Hesabu watu wa nyumbani. Nani yuko ndani, nani hajarudi? Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeruka ukuta akitoka kwenye muziki ni "mwizi" wa mara nyingi sana kuliko mwizi mwenyewe.

4. Kusanya wote chumba kimoja, funga komeo. Ukiwa na geti la korido linalotenga vyumba vya kulala na sebule, hilo lifungwe kila usiku kabla ya kulala, si wakati wa tukio.

5. Washa taa za nje kwa swichi ya ndani. Hapo sasa yeye yuko mwangani na wewe uko gizani. Chungulia pembeni mwa pazia, usilivute.

6. Simu, kisha kelele. Nitarudi kwenye hili, maana watu huwa wanalikosea mpangilio.

---

Komba Mlevi

Hapo kwenye kusikiliza niongezee, kwa sababu sauti zina tabia zake.

Bati linalia lenyewe. Jua limelichoma mchana kutwa, usiku likipoa linasinyaa na misumari inavuta mbao. Ni mlio mmoja mkavu, "ta!", kisha kimya, kisha mwingine upande wa pili wa paa. Hutokea zaidi saa za mwanzo za usiku au mvua ikinyesha ghafla baada ya joto. Hauna mdundo.

Panya juu ya silingi bodi ni mbio fupi fupi nyepesi zinazofuata ukuta. Paka ni kishindo kimoja cha kutua, kisha hatua laini. Komba, kwa wale wa Bunju, Mbezi na Kigamboni wenye mikorosho na miembe, ni balaa jingine: anaruka juu ya bati kwa kishindo cha mtu mzima na analia kama kichanga. Jina langu nimelitoa hapo. Embe na nazi zikianguka hutoa mlio mmoja wa kugonga, kisha hubingirika.

Mashine za nyumbani nazo zinadanganya. Pampu ya maji inayojiwasha kwa sababu koki inavuja, boya la tangi linalogongagonga maji yanapokaribia kujaa, kompresa ya friji ikizima na kutikisika.

Binadamu anajulikana kwa mambo matatu. Kazi yake ina mdundo: msumeno wa chuma unakwenda "kwesh, kwesh, kwesh" kwa kasi ileile. Kazi yake inasimama ukitoa sauti, kisha inaanza tena taratibu. Panya hana subira hiyo. Na kazi yake iko mahali pamoja: dirisha, kitasa, geti. Jaribio rahisi ni kukohoa kwa nguvu ukiwa chumbani. Kelele ikikatika papo hapo na kurudi dakika mbili baadaye sehemu ileile, usibishane na nafsi yako tena, ruka moja kwa moja kwenye simu.

---

Fundi Weldi Tabata

Mkuu Komba umesema kweli kuhusu msumeno, ila usiutarajie kila mara. Wanaojua kazi hutumia jeki ya gari. Anaiweka katikati ya nondo mbili, anapampu polepole, nondo zinapinda zikiachana. Hakuna mdundo wa msumeno. Utasikia chuma kikijikunja, halafu "pa!" moja pale weldi inapoachia. Hiyo "pa" moja ndiyo watu husema "nilisikia nikadhani bati".

Hapa ndipo grili zetu zinapotuangusha. Nondo ndefu za wima tupu, mita nzima bila mkato, jeki inazitawanya kirahisi. Dawa yake ni flati baa za mlalo kila sentimita 30 hadi 40, na kila makutano yachomelewe, si kimoja ruka kimoja. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 12. Kichwa kikipita, kiwiliwili chembamba kitafuata.

Skwea paipu inapendeza macho lakini ndani ni tupu. Ile yenye ukuta wa milimita 1.2 msumeno unaimaliza haraka. Nondo ya kujaa ya milimita 12 inampa kazi ya dakika kadhaa kwa kila mkato, na anahitaji mikato zaidi ya mmoja. Dakika hizo ndizo unazonunua.

Kingine ni miguu ya grili. Nyingi zinafungwa kwa skrubu na plagi juu ya plasta. Mtarimbo mmoja, grili nzima iko chini. Miguu iingie ndani ya tofali sentimita 7 hadi 10 na kusimikwa kwa saruji kabla ya plasta. Kama nyumba imeshaisha, tumia boliti za kutanuka na uchomelee vichwa vyake visifunguke kwa spana.

Milango: Fatuma, lile jiwe kubwa la kuvunjia mlango, hulenga upande wa kitasa. Mlango wa flashi hauhimili hata mapigo mawili. Mbao ngumu kama mninga au mkongo, komeo juu na komeo chini ili pigo ligawanyike, na boliti za kupita upande wa pili badala ya skrubu za inchi moja. Wengine wanaweka chuma cha kulala mlalo kwenye vishikio viwili nyuma ya mlango. Kwa pesa yake, sijaona kinachokishinda.

---

MamaJunia Tegeta

Asanteni. Naomba kuuliza kuhusu umeme. Ukikatika kwangu tu na jirani unawaka, nitajuaje kama ni wao au LUKU (umeme wa kulipia kabla) imeisha? Maana na mimi nikikaa ndani tu kumbe ni yuniti, joto lote lile na watoto...

---

Lindo la Tatu

Dada, swali zuri sana. Kile kidude cha kuingizia namba za LUKU mara nyingi kiko ndani. Mazoea mazuri ni kusoma yuniti kila jioni na kuhakikisha hazishuki chini ya matumizi yenu ya siku mbili. Ukijua ulilala na yuniti 20, basi umeme ukizimika kwako peke yako saa nane usiku, yuniti hazihusiki. Ama breka ya ndani imeruka, na hiyo utaiona bila kutoka, ama kuna aliyegusa mein swichi ya nje, ama ni waya wa kwenye nguzo. Zote mbili za mwisho zinasubiri asubuhi.

Mein swichi ikiwa nje kwenye kasha lisilofungwa, fundi umeme aihamishie ndani au kasha lipate kufuli. Na taa mbili tatu za nje ziwe za sola zenye sensa ili zisitegemee mein swichi kabisa. Joto la usiku mmoja linavumilika.

---

Msafiri wa Usiku

Nyie wote mnaongelea kusikia sauti. Mbona wenzetu wanapuliziwa dawa, wanaamka saa tatu asubuhi nyumba tupu, simu zimeondoka chini ya mto? Hapo utasikiliza nini?

---

Mfamasia Msomi

Mkuu, hii ya dawa inabidi tuifanyie hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, urefu mita 3, kina mita za ujazo 36. Chukua etha, dawa ya zamani ya usingizi. Ili mtu asiamke hata akiguswa kwa kisu unahitaji mvuke wake uwe karibu asilimia 2 ya hewa yote ya chumba. Hiyo ni lita 720 za mvuke. Mililita moja ya etha ya maji hutoa mililita 230 hivi za mvuke. Gawanya: ni zaidi ya lita 3 za etha, zivukizwe zote, ndani ya chumba kisichovuja. Vyumba vyetu vina madirisha wazi yenye wavu wa mbu! Harufu yake inachoma pua, na ikikutana na cheche inalipuka. Chupa ya kupuliza ya mfukoni haifanyi kazi hiyo. Chuo cha madaktari wa usingizi cha Uingereza kilitoa tamko mwaka 2014 kikisema jambo hilohilo baada ya watalii wa Ulaya kudai wamepuliziwa kwenye magari yao.

Kinachotokea hasa ni kwamba mtu mzima akichoka analala fofofo, feni linavuma, na mwizi hakuingia kabisa. Alikata wavu kwa wembe, akaingiza mti mrefu wenye ndoano, akavua simu, suruali na mkoba. Dakika mbili, bila kelele.

Ila hewa moja ya kuogopa ipo. Mkiamka wote mna vichwa vinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, fikirieni jenereta au jiko la mkaa lililoachwa ndani. Hiyo kaboni monoksaidi haina harufu na inaua kweli. Hapo ndipo unafungua milango na kutoka, baada ya kuchungulia.

---

Fundi Weldi Tabata

Kwenye kuvua simu: kitanda na meza ya kuchajia visiwe mkabala na dirisha linaloachwa wazi. Kuna wavu wa chuma mgumu unaochomelewa nyuma ya grili, tundu zake hazipitishi mkono. Mahali pa joto kama Dar watu hawatafunga madirisha, tusidanganyane.

---

Lindo la Tatu

Narudi kwenye simu na kelele.

Simu. 112 ni ya dharura, lakini hifadhi pia namba ya kituo chako cha polisi, ya polisi kata, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na majirani watatu: wa kushoto, wa kulia, wa mbele. Zipige jaribio mchana. Namba nyingi zilizobandikwa ukutani zimekufa zamani.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba na mitaa ina majina. Andika anwani yako kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu mtu aliyeamshwa kwa hofu husahau hata jina la barabara. Maelezo yawe ya sentensi nne: uko wapi (mtaa, barabara, namba, alama ya jirani kama msikiti au kituo cha mafuta), unachosikia, watu wangapi unaowaona na wana silaha gani, na nyinyi mko chumba gani. Usiseme "njooni haraka tunakufa" ukakata.

Kundi la WhatsApp la mtaa usilitegemee. Saa nane simu zote ziko kimya. Piga sauti, na muombane mapema kila mmoja aziweke namba za majirani kwenye orodha ya zinazolia hata simu ikiwa imenyamazishwa. Mpangilio mzuri: kila anayepigiwa anapiga kwa wawili.

Kelele. Akiwa bado nje, piga kelele zote ulizo nazo. Kibaka hataki mwanga wala macho. King'ora cha volti 12 na betri ya 7Ah kinalia muda mrefu umeme ukiwa umekatwa. Kiwekwe juu chini ya mapaa, ndani ya kasha la chuma, waya upite ukutani, swichi moja kando ya kitanda na nyingine chumba cha watoto. Asiye na king'ora, rimoti ya gari yenye kitufe cha kulizia honi iwe kando ya kitanda, au firimbi. Kubalianeni mtaani ishara: mipigo mitatu mirefu, pumzika, mitatu tena.

Na jirani akisikia asitoke mbio na rungu. Awashe taa zake za nje, alize cha kwake, apige simu. Mtaa mzima ukiwaka taa kwa mpigo, mtu aliye juu ya ukuta anashuka upande aliotokea. Jirani akitoka gizani, mwenye nyumba, mlinzi na polisi hawatamjua ni nani.

---

Ras wa Kimara

Mkuu nakupinga kidogo. Hao wenye bunduki ukipiga kelele si unawakasirisha? Na panga mnalikataa kwa nini? Mtu unalala kama kuku bandani?

---

Lindo la Tatu

Kaka, wamegawanyika. Anayekuja kuvua simu anakimbia kelele. Kundi lililokuja na Fatuma limeshaamua kelele zitakuwepo. Wao wanashindana na dakika tu. Kwa hao, king'ora kinaita mtaa, lakini wewe mwenyewe usitukane wala kutishia dirishani. Na kama wana bunduki usisimame mkabala na mlango. Risasi inapita mbao. Lala chini nyuma ya ukuta wa tofali, watoto pembeni ya kona iliyo mbali na dirisha.

Wakishaingia na wako mbele yako, vita vya mali vimeisha. Toa. Mikono ionekane, sema unachotaka kufanya kabla hujakifanya: "Funguo ziko kwenye droo, navuta droo." Usimkodolee macho usoni. Na ukimtambua, usimwite jina. Wengi huwa wanaijua nyumba: fundi wa mwezi jana, kijana wa bustani aliyeachishwa. Siku anapojua umemjua, hesabu yake inabadilika kutoka wizi kwenda kuondoa shahidi.

Kuhusu panga: korido zetu zina upana wa mita moja au pungufu. Huna nafasi ya kulizungusha. Mtu mwepesi anamaliza mita sita kwa sekunde moja na nusu hivi, na gizani hutajua ni nani anayekuja, mwizi au binti anayekimbilia chumbani kwenu. Sehemu pekee ambapo silaha ya mkononi ina maana ni nyuma ya mlango uliofungwa wa chumba mlichojikusanya, mlango ukivunjwa na hakuna pengine pa kwenda. Mwenye bunduki halali, naye ni hivyohivyo: anakaa mahali pamoja, haendi kuwinda sebuleni.

---

Wakili wa Kata

Upande wa sheria, maana wengine hapa wanaandika vitu vya kuwapeleka gereza la Segerea.

Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na nyongeza zake 18A, 18B na 18C (namba za toleo la 2019, ukisoma toleo jipya tafuta kichwa cha kujitetea). Kwa ufupi: una haki ya kujilinda wewe, mtu mwingine na mali. Nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa ulinzi huo. Ukizidisha unawajibika, na ukiua kwa kuzidisha ni kosa la kuua bila kukusudia. 18C inakwenda mbali zaidi: inaweza kumlinda aliyesababisha kifo pale alipoamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba ilikuwa lazima, ikiwemo mazingira ya uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, ubakaji au kuchoma moto.

Soma vizuri maneno "ilikuwa lazima". Haki hiyo inaishi muda ambao hatari inaishi. Mwizi akishageuka kukimbia, akishaanguka, akishafungwa kamba, haki imekwisha. Kumpiga hapo ni adhabu, na huna mamlaka ya kuadhibu. Wale "wananchi wenye hasira kali" wa magazetini wakimuua mtu aliyekamatwa wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, na aliyepiga yowe la "mwizi" kisha akashika tofali yumo. Ukimkamata, mfunge, mwite mwenyekiti, ita polisi, mzuie yeyote asimguse.

---

Nyali Junction

Kwetu Kenya mpangilio wa sheria ni tofauti kidogo: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinarejesha suala la kujitetea kwenye misingi ya sheria ya mazoea ya Uingereza. Matokeo yanakaribiana, nguvu ya kadiri na hatari ya wakati huo. Namba za dharura huku ni 999, 112 na 911. Na kwa wanaokaa fleti: geti la ngazi likishafungwa, njia kubwa ya hatari inakuwa mlango wako mmoja na balkoni. Kata matawi yanayofikia balkoni, na mlango wa kuslaidi uweke kipande cha mbao kwenye reli yake ya chini usisogee.

---

Bi Mkubwa wa Manzese

Wanangu, nyote mnasema nyumba zenye ukuta. Sisi wa vyumba vya kupanga, korido moja, wapangaji sita, choo uani? Anayetikisa mlango usiku mara nyingi ni mpangaji mwenzio kalewa, kapotea mlango.

---

Lindo la Tatu

Shikamoo mama. Kweli kabisa, huko kosa la hatari zaidi ni kumshambulia mtu asiye mwizi. Mlango usifunguliwe. Uliza kwa sauti ya kusikika korido nzima: "Nani? Unamtafuta nani? Taja jina la mwenye nyumba." Mlevi atajibu ovyo lakini atajibu. Anayenyamaza na kuendelea kutikisa ndiye wa kupigiwa kelele, na kwa kuwa ukuta ni mmoja, gonga ukuta wa jirani mara tatu kama mlivyokubaliana.

Choo cha nje: ndoo yenye mfuniko iwe ndani usiku. Lazima utoke? Toka wawili, taa ya korido iwake kwanza, mlango wa chumba ufungwe nyuma yako. Taa ya korido iwe jukumu la wapangaji wote, si la mtu mmoja anayeichomoa balbu akihesabu yuniti.

---

MamaJunia Tegeta

Na wakigonga wakisema "Fungua, sisi ni polisi"? Au mlinzi wangu mwenyewe akiniita dirishani nitoke?

---

Wakili wa Kata

Hati ya upekuzi kwa kawaida hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Ila polisi wana mazingira ya dharura pia, kwa hiyo usiwatukane wala usiwakatalie kibabe. Zungumza ukiwa ndani: "Nawasikia. Nampigia mwenyekiti na kituo kuthibitisha, tafadhali subirini." Taja kituo kwa jina. Polisi halisi atakuambia jina lake na kituo chake, na mara nyingi wanakuja na mjumbe au mwenyekiti. Wanaoanza kupiga mlango kwa jiwe baada ya sentensi hiyo wameshakujibu.

Mlinzi: mkubaliane neno moja la kawaida linalomaanisha "nimeshikwa". Lisiwe la ajabu. Kwa mfano akikuita "mheshimiwa" badala ya "mama", usifungue, piga simu.

---

Wakili wa Kata

Niongezee ya baadaye, kwa sababu kesi nyingi hufia hapa. Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la 1980 iliweka maswali ya utambuzi wa usiku: ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa aina gani na ukali gani, kulikuwa na kizuizi, ulimjua kabla? "Nilimtambua kwa mwanga wa taa" haitoshi. Sema taa ya LED ya wati 10 iliyokuwa mlangoni, mita tatu, dakika mbili. Na kwenye Marwa Wangiti Mwita (2002) Mahakama ikasisitiza kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa. Kama ulimjua, mtaje kwa mtu wa kwanza utakayemuona salama, jirani au askari, na uhakikishe limeandikwa kwenye maelezo yako. Ukilitoa wiki ya tatu halitapewa uzito.

Usideki, usiguse dirisha lililovunjwa. Chukua namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Aliyeumia apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kabla ya hospitali kama hali inaruhusu. Akivuja damu, hospitali kwanza, fomu itafuata.

---

Zimamoto Uswahilini

Mmefunga nyumba vizuri mno, sasa moto ukiwaka mtatokaje? Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili ya bawaba yenye kufuli ya ndani. Ufunguo utundikwe mahali mkono unapoufikia gizani, lakini usionekane wala kufikiwa na mti wenye ndoano kutoka dirishani: upande wa ndani wa kabati, urefu wa mtoto wa miaka minane. Funguo za geti la korido vivyo hivyo, seti mbili, moja kila upande wa geti. Kila mtu wa nyumba afungue kwa macho yaliyofumbwa mpaka azoee. Kufuli zitiwe mafuta, hewa ya bahari inazila. Namba yetu ni 114.

---

Mkazi wa Goba

Nashukuru wakuu. Moja la mwisho: chumba cha kujikusanya kiwe kipi? Chetu, au cha watoto?

---

Lindo la Tatu

Cha watoto, mkuu, kama korido inaruhusu. Mtu mzima mmoja kwenda walipo ni haraka kuliko kuamsha watoto wawili wenye usingizi na kuwavusha sebuleni. Binti wa kazi alale upande huohuo wa geti la korido, si chumba cha nje peke yake. Kwa hiyo komeo nzuri, swichi ya king'ora, karatasi ya anwani, tochi na chaja ya pili viwe kwenye chumba hicho, na mlango wake ndio ubadilishwe kwanza kuliko wa kwenu.